Kutuma Si Kusindikiza

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika darasa la jioni hapa mjini, darasa lenye madawati ya kubana na taa iliyokuwa ikizimika kila mvua iliponyesha. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mama mmoja wa Kichina, mtu wa makamo, ambaye yeye na mumewe walikuwa wakiuza vitambaa Kariakoo. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii kupita vijana wote waliomzunguka. Daftari lake lilikuwa safi, na kila neno jipya aliliandika mara tatu: kwa Kiingereza, kwa herufi za kwao, na kwa Kiswahili alichokiokota dukani kwa wateja.

Jioni moja alifika akiwa na nakala ya barua mkononi, na uso umemwiva. Majuma kadhaa nyuma alikuwa ameanguka kutoka juu ya ngazi alipokuwa akishusha jora la kitambaa, akavunjika mbavu mbili. Shirika la bima lilimtaka aeleze mambo yalivyokuwa, kwa maandishi na kwa Kiingereza. Basi akaketi, akaandika kwa Kiingereza alichojifunza kwangu mimi, kwamba mbavu zake mbili zilivunjika, na kwamba usiku ule ule "my husband sent me to hospital". Karani alipoisoma barua hiyo alimwita pembeni, akateremsha sauti, akamwuliza: "Mama, usiogope kusema. Mumeo ana tabia ya kukupiga?"

"Mwalimu," aliniambia, "mume wangu alifunga duka, akanibeba mpaka kwenye gari, akakaa nami hospitali mpaka kulipokucha. Nimeandika nini kibaya?"

Kwanza nilicheka, kisha nikaona haya, maana kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Karani hakukosea kuuliza. Mwingereza akisema kwamba mtu fulani "sent" mwenziwe hospitali, maana yake huwa moja kati ya mbili. Ama alimwagiza aende huko, naye mwenyewe akabaki alipo, kama afanyavyo daktari wa zahanati anapomwandikia mgonjwa aende hospitali ya rufaa. Ama alimtenda jambo lililomfikisha huko, kama lifanyavyo gari au ngumi. Sentensi yenye mume na mke na mbavu zilizovunjika, ikabebwa na kitenzi hicho, haiwezi kumpitisha karani mwenye huruma bila swali. Tuliandika barua nyingine jioni ile ile, tukaweka "took" mahali pa "sent", na shauri likaisha. Lakini nililala nikilifikiri jambo hilo, na darasa la juma lililofuata nililitumia lote kwa vitenzi vya kutuma na kupeleka watu. Ndugu msomaji, nadhani hata sisi tusio Wachina tuna la kuokota humo.

Neno lililokuwa kichwani mwa mama yule ni "song", litamkwalo kwa sauti ya kuteremka. Ni neno lenye nafasi kubwa. Kumpa rafiki zawadi ni "song". Kumfikishia mteja mzigo wake mlangoni ni "song". Kumchukua mtoto asubuhi hadi shuleni ni "song". Kumtoa mgeni hadi penye lango ni "song". Na kumfikisha mtu stesheni, ukangoja mpaka treni iondoke, nako ni "song". Kinachoyafunga mambo hayo yote pamoja ni kwamba kitu au mtu anaondoka upande wangu kwenda upande mwingine, nami ninaushughulikia uondokaji wake. Kama miguu yangu mimi inakwenda pamoja naye au inabaki nyumbani, neno "song" haliulizi. Kiingereza, kinyume chake, huuliza jambo hilo kabla ya jambo lingine lolote. Katika "send" anayetuma habanduki alipo. Akibanduka na kufuatana na aliyetumwa, kitenzi hicho hakimfai tena.

Matatizo huanzia katika kamusi ndogo za mfukoni, zile ambazo hulipa kila neno mwenzake mmoja au wawili na kufunga hesabu. Mwanafunzi akishakutana na "song" limeandikwa "send", huenda nalo maisha yake yote. Naye haoni sababu ya kutia shaka, kwa kuwa mara nyingi linafaa: mzigo umetumwa, barua imetumwa, maua yametumwa. Ni pale tu mtu anapoingia katika sentensi ndipo ardhi inapofunguka chini ya miguu yake. Mchina akiandika "I sent my mother to the station", anakumbuka jinsi alivyombebea mamaye mizigo, akamkatia tiketi, akamtafutia kiti karibu na dirisha, akasimama nje akipunga mkono hadi behewa la mwisho lilipopotea. Mwingereza asomaye sentensi hiyo anamwona mtu aliyestarehe kitini na kumwamuru mama mzee ajiendee peke yake. Maneno yaliyokusudiwa kuonyesha heshima yamegeuka kuwa ushahidi wa utovu wa adabu, na aliyeyaandika hana habari.

Hata hivyo sitaki kuonekana mkali kupita kiasi. Nchini Singapore na Malaysia Kiingereza cha wenyeji kimekwisha kulikubali jambo hili, na mtu wa huko akikuambia "I'll send you home" anakuahidi kukuchukua kwa gari lake hadi mlangoni kwako. Wachina ni wengi katika nchi hizo, na lugha ya Kimalei nayo ina neno "hantar" ambalo hubeba kutuma na kusindikiza pamoja, kwa hiyo si ajabu Kiingereza chao kikafuata njia hiyo. Nani atawaambia wamekosea, hali wote wanaelewana? Lakini barua ya bima haisomwi Singapore, wala si karani wote waliofika huko.

Nini basi kiwekwe mahali pa "send"? Neno la kawaida kabisa ni "take". Ukienda na mtu hadi afikako, "you take him there". Ukitaka kusema kwa chombo gani, Kiingereza hupenda kukitia chombo ndani ya kitenzi chenyewe: "drive" ukimpeleka kwa gari, "walk" ukimpeleka kwa miguu. Jambo hili huwashangaza Wachina na Waswahili sawasawa, kwamba mtu aweza "walk" mwenziwe kama atembezavyo mbwa. Lakini "he walked her home" ni sentensi ya adabu kamili, maana yake alifuatana naye kwa miguu hadi kwao. Ukimteremsha mtu njiani nawe ukaendelea na safari yako, "you drop him". Ukimtoa mgeni hadi mlangoni, "you see him out". Ukienda naye hadi mahali pa kuondokea ukakaa hadi aondoke, "you see him off", na hili ndilo lililo karibu kabisa na kusindikiza kwetu. Lina mtego wake pia: "see off" ya adui ni kumfukuza akatimua mbio. Mbwa wa jirani hum-"see off" mwizi, na wala hampungii mkono.

Nilipofika hapo wanafunzi walianza kulalamika kwamba Kiingereza kina maneno mengi bila sababu. Niliwajibu kwamba Kiswahili chetu nacho hakikosi shimo katika njia hiyo hiyo. Tunalo neno "kutuma", ambalo ni "send" bila wasiwasi: mtume mtoto dukani, nawe umekaa barazani. Tunalo "kusindikiza", ambalo miguu yako imo ndani yake lazima. Lakini katikati tunalo "kupeleka", na "kupeleka" ni ndugu wa "song" tumbo moja. Mzazi akisema "nimempeleka mwanangu shule", huenda amemshika mkono leo asubuhi hadi langoni, na huenda amemwandikisha shule ya bweni mkoa mwingine na kumlipia, akamwacha apande basi mwenyewe. Mambo hayo mawili ni mbali kama mbingu na ardhi, na Kiingereza huyatenga: la kwanza ni "take", la pili ni "send". Waswahili wangapi wamewaambia wageni "I sent my child to the clinic", wakaonekana wamemwacha mtoto wa miaka miwili avuke barabara peke yake! Mama mwenye duka alilidaka jambo hili kuliko wote. Aliandika daftarini, kwa Kiswahili chake: "Send, tuma, mimi nakaa. Take, peleka, miguu yangu inakwenda." Sijapata kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Kuna neno dogo ambalo likitiwa au likisahauliwa hugeuza safari nzima. "Send the doctor" ni kumtuma daktari aende kwingine. "Send for the doctor" ni kutuma mtu amwite daktari aje kwako. Herufi tatu tu, na daktari amegeuza njia. Katika Kichina mambo haya mawili ni vitenzi mbalimbali kabisa, na Kiswahili pia hutenga kutuma na kuita. Ndiyo maana kijineno hicho huonekana kama pambo tu, na wanafunzi hukiacha. Niliwahi kusoma zoezi la kijana mmoja aliyesimulia kwamba mtoto alikuwa na homa kali, "so we sent the doctor". Nilimwuliza daktari alikwenda wapi, naye akanishangaa.

Kosa jingine la Wachina ni la sarufi, nalo halina madhara makubwa, kwa hiyo nitalipita haraka. Kichina huunganisha vitenzi bila kiungo: tuma-yeye-kwenda-Beijing. Hivyo huandika "send him go", wakiacha "to" iliyopasa kuwa kati. Anayezoea "mtume aende" hapati shida hiyo, kwa sababu umbo la "aende" lenyewe limekwisha kumwonyesha kwamba kuna kiungo.

Turudi kwenye mambo mazito, yaani kazi. Mchina anayo "pai", kitenzi cha mkubwa amtumaye mdogo kwa amri na kwa jukumu. Serikali hu-"pai" balozi, jeshi hu-"pai" kikosi, kampuni hu-"pai" fundi. Wale mafundi na wafanyakazi wa Kichina waliokuja kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa lugha yao walikuwa watu wa "pai". Hakuna Mchina ambaye angesema hao walikuwa wa "song". "Song" lina joto la mkono ndani yake, na "pai" lina mhuri wa ofisi.

Ukilitafuta "pai" katika Kiingereza utakuta "send" linatosha kwa mazungumzo, lakini mkataba wa kazi hautosheki nalo. Hapa ndipo ninapowaomba wafanyakazi wasomaji wa ukurasa huu wafungue macho, maana maneno yafuatayo huonekana katika karatasi ambazo watu hutia sahihi bila kuzisoma. Mtu akiwa "assigned", amepangiwa kazi fulani, na kazi hiyo huenda ikawa katika chumba kile kile alichomo. Akiwa "posted", amepangiwa kituo, aghalabu mbali, kama mwalimu, askari au mwanabalozi. Akiwa "transferred", amehamishwa: kiti cha zamani si chake tena, na pengine hata mwajiri amebadilika. Akiwa "seconded", neno ambalo Waingereza hulitamka kwa mkazo katika silabi ya pili, ameazimwa tu. Anafanya kazi kwa mwenye nyumba mwingine, lakini mwajiri wake ni yule yule, na muda ukiisha anarudi kitini kwake. Tofauti kati ya kuhamishwa na kuazimwa ni tofauti ya kiinua mgongo na miaka ya utumishi. Mfanyakazi asiyeijua hugundua siku ya kustaafu.

Kisha lipo "dispatch". Wachina hulipenda neno hili, kwa kuwa ndilo waliloambiwa linafanana na "paiqian", ambalo ni "pai" lililovaa koti. Kwa Mwingereza "dispatch" lina haraka ndani yake: hu-"dispatch" gari la wagonjwa, zimamoto, au shehena. Zamani waandishi walilitumia pia kwa kuua, na bado wasomaji wa vitabu hulikumbuka hivyo. Sasa nchini China kuna aina nzima ya ajira iitwayo kwa jina hilo. Mtu huajiriwa na wakala, wakala humpeleka kiwandani, na kiwanda humtumia bila ya kuwa mwajiri wake. Sheria ya Mikataba ya Kazi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2008 ilitamka kwamba mwajiri wa mtu huyo ni wakala, na kwamba wakala ampe mkataba wa miaka isiyopungua miwili. Viwanda vilipozidi kuwatumia watu wa namna hiyo kwa kazi za kudumu, sheria ilirekebishwa, na kuanzia tarehe 1 Julai 2013 wakawekewa mipaka: kazi za muda usiozidi miezi sita, kazi za kusaidia, au kushika nafasi ya aliye likizo au masomoni. Mwaka 2014 kanuni ikaongeza kwamba wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi wa mahali hapo.

Mchina wa namna hiyo akijieleza kwa Kiingereza husema "I am a dispatched worker". Mwingereza humtazama, akidhani ametumwa mbio mahali kuleta kitu. Neno la Kiingereza ni "agency worker". Si jambo la kupamba lugha. Anayesema ametumwa huulizwa katumwa na nani. Anayesema ni mtu wa wakala huulizwa mwajiri wake ni nani, na hilo ndilo swali linaloamua nani atamlipa akiumia.

Wanafunzi vijana hawakulipenda sana darasa hilo la sheria, wakataka la kuchekesha. Niliwapa "send" pamoja na vijineno vinavyolifuata. "Send off" katika mpira ni kadi nyekundu. "Send up" ni kumfanyia mtu mzaha kwa kumwigiza. "Send to Coventry" si safari. Coventry ni mji wa Uingereza, lakini aliyepelekwa huko kwa maneno hayo yuko pale pale kazini, ila wenziwe wamekula njama ya kutomsemesha. Na "send down" lina maana mbili kwa Waingereza, zote chungu: hakimu akikutia gerezani amekuteremsha, na chuo kikuu kama Oxford au Cambridge kikikufukuza kimekuteremsha vilevile.

Hapo mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa akikaa nyuma, ambaye kwa kawaida hakusema neno, aliinua mkono. Alisema kwamba yeye mwenyewe ni "sent-down youth", na ndivyo vitabu vya Kiingereza vinavyomwita. Nilinyamaza. Vijana wa darasa hawakuelewa, ikanibidi nieleze. Mnamo Desemba 1968 Mao Zedong alitoa agizo kwamba vijana wa mijini waliosoma waende vijijini wakafundishwe na wakulima. Kati ya mwaka huo na mwanzoni mwa miaka ya 1980, takriban vijana milioni 17 waliondoka mijini. Wengine walikwenda kwa shangwe na bendera, wengine kwa machozi, wengine walikaa miaka 10 na zaidi, na wako waliooa huko wasirudi tena. Wachina huita jambo hilo kupanda milimani na kushuka vijijini. Watafsiri walichukua huko kushuka, wakalitia katika Kiingereza neno kwa neno, na matokeo yake ni kwamba Mwingereza asiyeijua historia hiyo akisikia "sent down" hudhani mzee huyu alikuwa mfungwa, au mwanafunzi aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

La ajabu ni kwamba Kiingereza kina neno jingine ambalo vitabu vya historia hulitumia kwa jambo hilo hilo, nalo ni "rusticate". Limetoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya shamba. Kwa vyuo vya Kiingereza "rusticate" ni kumsimamisha mwanafunzi kwa muda, aende kwao akatulie. Kwa asili yake, basi, ni kupelekwa shamba. Maneno mawili yaliyozaliwa pande mbili za dunia yalikutana juu ya mgongo wa vijana hao, na yote mawili yanawapaka Waingerezani tope la kosa ambalo hawakulifanya. Mzee aliniuliza aseme nini. Nilimshauri aache vitenzi vifupi, aeleze tu: alikuwa na umri gani, alitoka wapi, alikwenda wapi, nani aliamuru. Alisema hiyo ni hadithi ndefu mno kwa mtu anayetaka kujitambulisha tu.

Lipo fungu la mwisho la vitenzi hivi, la wale wanaorudishwa makwao, nalo humgusa kila anayefanya kazi ugenini, awe Mchina hapa au Mtanzania Ughaibuni. "Deport" ni serikali kumtoa mgeni nchini kwa nguvu ya sheria. "Extradite" ni serikali moja kumkabidhi mtu kwa nyingine ili ashtakiwe huko. "Repatriate" ni kumrudisha mtu nchini kwao, na halina lawama: mkataba wa baharia au fundi huandika kwamba mwajiri atalipa gharama za "repatriation", yaani tiketi ya kurudi. Kichina kinalo "qianfan", ambalo hutumika kwa mfungwa wa vita anayerejeshwa kwao na pia kwa mhamiaji aliyeingia bila ruhusa. Mtu akilifikiria hilo, huku akijaza fomu ya viza inayouliza kama amewahi kuwa "deported", anaweza kujibu ndiyo kwa uaminifu wake wote, kwa sababu kampuni iliwahi kumrudisha nyumbani mradi ulipokwisha. Alama moja ya wino katika kisanduku hicho, na safari imekufa. Niliwaambia wanafunzi wangu wote waliandike tofauti hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla hata ya majina yao.

Na sisi tusijione tumesalimika na uzito wa vitenzi hivi. Tazama "kutuma" kwetu kumezaa nini. Aliyetumwa na Mungu ni mtume. Aliyetumwa na mwenye mali, bila hiari wala ujira, ni mtumwa. Herufi moja tu imeongezeka, na mtu ameanguka kutoka mbinguni hadi sokoni Mkunazini. Mtumishi naye yumo katika ukoo huo huo. Wanafunzi walipoyaona maneno hayo yamepangwa ubaoni walinyamaza kwa muda, na mama mwenye duka akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini hapendi kuwaambia vijana wake wa dukani "nakutuma".

Karibu na mwisho wa muhula niliwapa wanafunzi insha juu ya mzazi. Kabla ya insha tulizungumza kidogo juu ya mila za kusindikiza, na ikawa jioni nzuri, maana Wachina na Waswahili wanafanana mno katika jambo hili. Kwao, kama kwetu, mgeni hatoki mwenyewe. Mwenyeji humfuata hadi langoni, mgeni humsihi arudi, mwenyeji hukataa, wakafika njia panda wakisihiana. Wana msemo kwamba hata ukimsindikiza mwenzio li elfu moja, ambazo ni kilomita 500 hivi, mwisho itabidi muagane. Wakanieleza pia kwa nini Mchina hapewi saa ya ukutani kwa zawadi. Kutoa saa zawadi ni "song zhong", na maneno hayo hayo, kwa sauti zile zile ila kwa herufi nyingine, ni kumsindikiza mzazi katika pumzi yake ya mwisho. Mnamo Januari 2015 waziri wa Uingereza, Susan Kramer, alimpa meya wa Taipei, Ko Wen-je, saa ya mfukoni, ikawa habari ya magazeti, naye akaomba radhi kwamba hakujua.

Insha ya mama mwenye duka ilikuwa ya ukurasa mmoja. Iliandikwa vizuri, bila kosa la "take" wala "send", mpaka mstari wa mwisho. Hapo aliandika: "I was in Dar es Salaam and I did not send my mother."

Nilikaa na kalamu nyekundu juu ya sentensi hiyo kwa muda mrefu. Nilijua sasa alichokusudia. Kwao mtoto anapaswa awepo mzazi akatapo roho, amshike, amtoe duniani kama atoavyo mgeni langoni, na asiyewahi hubaki na jambo hilo moyoni. Kiingereza kina "send-off", lakini hilo ni la sherehe, na hata likitumiwa kwa mazishi husema tu kwamba mazishi yalifana. "See off" lingekuwa balaa. "Bury" halisemi, kwa kuwa kuzika huja baadaye. Mwishoni niliandika pembeni: "I was not with my mother when she died."

Aliisoma mara mbili. Akaniuliza Kiswahili kingesemaje, nikamwambia labda tungesema sikuwahi kumzika mama, ingawa nako si kule kule. Akasema sentensi yangu ya Kiingereza ni sahihi, ila haina deni ndani yake. Basi tukaiacha kama nilivyoiandika, naye chini yake akaandika herufi mbili za kwao, polepole, na kufunga daftari.